Kompyuta Inayojizima Yenyewe: Kutambua Chanzo Kabla ya Kununua Kipuri

Mwananchi anayetoka Basotu kwenda Katesh kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu ya mwanawe, au anayetoka Yaeda Chini kwenda Dongobesh kufuatilia leseni ya biashara katika mfumo wa TAUSI, hutumia nauli na siku nzima ya kazi. Anapofika kwenye duka la huduma za uchapaji, fomu hujazwa hadi nusu, kisha kompyuta huzima ghafla. Huwashwa tena, nayo huzima tena. Mwenye duka husema ni umeme. Fundi aliyeitwa husema ni pawa saplai. Jirani husema ni virusi. Hatimaye mwananchi hurudi nyumbani bila huduma, na mwenye duka hununua kipuri ambacho pengine hakikuhitajika.

Hasara hiyo hutokea kwa sababu hatua moja imerukwa. Kompyuta inayojizima haifanyi hivyo bila sababu, na aghalabu huwa imekwisha kutoa dalili za kutosha kuonyesha upande wa kuanzia. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kifaa gani kimeharibika, inafaa kuuliza kompyuta inazima wakati gani, na inazima namna gani. Makala haya yanaeleza jinsi mwenye duka, mwalimu, mtumishi au mzazi anavyoweza kulijibu swali hilo kwa hatua zisizo na gharama, ili anapofika kwa fundi awe na maelezo ya kutosha badala ya kubahatisha.

Kuokoa kazi kwanza

Kompyuta iliyoanza kujizima inaweza siku moja isiwake tena. Vilevile, kila inapozima ghafla wakati diski inaandika, faili linaweza kuharibika. Hivyo basi, jambo la kwanza ni kunakili kazi zote muhimu kwenye flashi au diski ya nje mara kompyuta inapokubali kuwaka, kabla ya majaribio yoyote.

Inashauriwa nakala hiyo isihifadhiwe katika chumba kimoja na kompyuta. Maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang ya tarehe 3 Desemba 2023 yaliwaachia wakazi wa Katesh na vijiji jirani msiba mkubwa wa watu na mali. Miongoni mwa mafunzo yake ni kwamba kumbukumbu zilizowekwa mahali pamoja hupotea kwa pamoja. Nakala moja ikikaa dukani na nyingine nyumbani au kwenye hifadhi ya mtandaoni, hitilafu ya mashine haitageuka kuwa kupotea kwa hesabu za kikundi, alama za wanafunzi au orodha za wanachama.

Aina nne za kuzima

Watu wengi husema kompyuta "inazima", lakini neno hilo hubeba mambo manne tofauti, na kila moja huelekeza upande wake.

Aina ya kwanza ni kuzima papo hapo kama taa iliyokatiwa umeme: feni husimama, taa ya mbele huzimika, na hakuna ujumbe wowote. Hali hii mara nyingi hutokana na umeme au joto.

Aina ya pili ni kompyuta kujiwasha upya: skrini hugeuka nyeusi, kisha maandishi ya kuanza hutokea tena. Hapa wanaoshukiwa ni ramu, ubao mama, pawa saplai iliyodhoofika, au programu inayoendesha kifaa fulani.

Aina ya tatu ni kuganda: picha hubaki kwenye skrini, kipanya hakisogei, na mtumiaji hulazimika kubonyeza kitufe ili kuzima. Hali hii huelekeza zaidi kwenye diski, ramu au programu kuliko kwenye umeme.

Aina ya nne ni kulala. Skrini huzimika, lakini taa ndogo huendelea kuwaka au kupepesa, na kubonyeza kitufe hurejesha kazi ilipoishia. Huu si ugonjwa, bali ni mpangilio wa kuokoa umeme, na hubadilishwa ndani ya dakika moja. Kwa kompyuta mpakato kuna sababu nyingine ya aina hii ambayo huwashangaza wengi. Kompyuta hizo hutambua kwamba zimefungwa kwa kutumia sumaku ndogo kwenye kifuniko. Simu yenye jalada la sumaku ikiwekwa pembeni ya kibodi, kompyuta huweza kudhani imefungwa, ikalala.

Daftari la siku chache

Baada ya kutambua aina ya kuzima, mtumiaji anashauriwa kuweka daftari dogo kando ya kompyuta kwa siku chache. Kila inapozima, aandike mambo matano: saa, muda ambao kompyuta ilikuwa imewaka, kazi iliyokuwa ikifanyika, hali ya taa na vifaa vingine chumbani, na muda ambao kompyuta ilikaa kabla ya kukubali kuwaka tena.

Mambo hayo yanaweza kuonekana madogo, lakini humsaidia fundi kuliko maneno mengi. Ikiwa kompyuta huzima baada ya dakika 20 za kazi nzito, hukataa kuwaka mara moja, kisha huwaka ikipumzika robo saa, hiyo ni lugha ya joto. Ikiwa huzima saa ileile mashine ya kusaga nafaka ya jirani inapowashwa, hiyo ni lugha ya umeme. Ikiwa huzima wakati wowote, hata sekunde chache baada ya kuwashwa, joto haliwezi kuwa sababu ya kawaida, isipokuwa kama kifaa cha kupoza prosesa kimelegea au feni yake haizunguki kabisa. Na ikiwa huzima pale tu printa inapochomekwa, uchunguzi umekwisha nusu.

Kwa kompyuta zinazotumia Windows, mfumo wenyewe nao una daftari lake. Katika kumbukumbu za matukio, kila kompyuta inapowaka baada ya kuzimika bila utaratibu, huandikwa tukio namba 41. Namba hiyo haitaji chanzo, ila inathibitisha kwamba mashine ilikatika ghafla, na inaonyesha ni mara ngapi na lini.

Umeme unaofika kwenye kompyuta

Uchunguzi wa vifaa huanzia nje kwenda ndani, kwa sababu vya nje ni rahisi kukagua na havihitaji bisibisi. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Kwa nyumba zilizo mwisho wa laini ndefu za vijijini, kiwango hicho huweza kushuka nyakati za jioni matumizi yanapozidi. Mota ya mashine ya kusaga au mashine ya kuchomelea inapoanza kufanya kazi huvuta umeme mwingi kwa mara moja, na taa za jirani hufifia kwa sekunde moja. Taa huvumilia mshuko huo, lakini kompyuta ya mezani isiyo na kinga huweza kuzima.

Jaribio lisilo na gharama ni kuihamisha kompyuta. Ipelekwe kwenye nyumba nyingine, ikiwezekana iliyo kwenye laini nyingine, ikiwa na waya wake uleule, ifanye kazi ileile kwa muda uleule. Ikitulia huko, tatizo liko kwenye umeme wa jengo la kwanza. Ikiendelea kuzima, umeme wa jengo hauna hatia, na fedha ya kununulia stebilaiza imeokolewa.

Kabla ya kuhama, ni vyema kukagua njia ambayo umeme hupitia hadi kufika kwenye mashine. Ekstensheni zilizochomekwa moja ndani ya nyingine hulegea na kupata moto. Soketi iliyolegea hukata umeme kwa nukta ya sekunde kila meza inapotikiswa. Ipo pia desturi ya kuchomeka kalamu au kijiti kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Tundu hilo ni la waya wa ardhi, ambao ndio kinga ya mtumiaji umeme unapovuja kwenye bodi ya chuma. Plagi iliyoingizwa kwa namna hiyo haikai imara, hutoa cheche, na hukata umeme kwa vipindi. Plagi iliyobadilika rangi kuwa kahawia, au yenye harufu ya plastiki iliyoungua, isitumike tena.

Wenye kifaa cha UPS hudhani wamekingwa, na mara nyingine kifaa hichohicho ndicho chanzo. Betri yake kwa kawaida hudumu miaka mitatu hadi mitano. Ikichoka, UPS hushindwa kubeba mzigo hata kwa sekunde moja, nayo huiangusha kompyuta wakati taa za chumba hazikufifia hata kidogo. Jaribio lake ni rahisi: kompyuta ichomekwe moja kwa moja ukutani kwa siku moja, na daftari liendelee kuandikwa.

Kwa wanaotumia umeme wa jua, hesabu fupi hujibu maswali mengi. Betri ya volti 12 yenye ukubwa wa saa-ampea 100 hubeba nishati ya takriban saa-wati 1,200. Betri za kawaida za asidi hazipaswi kutumika zaidi ya nusu yake, yaani saa-wati 600. Kompyuta ya mezani na skrini yake vikivuta wati 150, betri hiyo nzima na mpya huweza kuvibeba kwa saa nne, tena pungufu kidogo kwa sababu inveta nayo hula sehemu. Betri iliyochakaa hushuka mapema zaidi, na inveta hukata umeme ili kuilinda. Kwa hali hiyo kompyuta inayozima kila siku mchana uleule, baada ya asubuhi yenye mawingu, haina ugonjwa wowote. Kompyuta mpakato, ambayo kwa kawaida huvuta chini ya wati 65, hufaa zaidi mahali penye umeme wa jua.

Joto na vumbi

Wapo wanaoamini kwamba ubaridi wa Mbulu hauwezi kuruhusu kompyuta kupata joto. Imani hiyo hupotosha. Joto linaloizima kompyuta halitoki hewani, hutoka ndani ya prosesa, na kazi ya hewa ni kuliondoa. Njia ya hewa ikizibwa, ubaridi wa nje hausaidii. Aidha, maeneo mengi ya wilaya hizi mbili yako juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Pwani, hivyo feni ileile huondoa joto pungufu kidogo kwa kila mzunguko.

Vumbi ndilo huzidisha tatizo. Katika miezi ya kiangazi, barabara za udongo, upepo wa tambarare na shughuli za kupura ngano, mahindi na maharage hujaza hewa vumbi na makapi. Feni huvuta hewa hiyo na kuiacha kwenye mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa, hadi tabaka zito kama blanketi linajengeka. Duka lililo pembeni ya barabara, au lenye jiko la mkaa karibu, hupata hali hii mapema zaidi.

Prosesa za kisasa zina ulinzi wake. Joto linapopanda sana, kwanza hupunguza kasi, na linapoendelea kupanda, nyingi huamuru mashine izimike ili zisiungue. Kwa hiyo dalili ya joto huwa na hatua: feni huanza kupiga kelele, kompyuta huwa nzito, kisha huzima. Kuna programu za bure zinazoonyesha joto la prosesa, na kwenye kompyuta nyingi kipimo hicho huonekana pia katika BIOS, yaani kurasa za mipangilio zinazofunguliwa kabla ya mfumo kuanza.

Kusafisha kunaweza kufanywa na mtumiaji mwenyewe kwa kompyuta ya mezani. Waya wa umeme uchomolewe ukutani, kitufe cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde 10 ili kumaliza umeme uliobaki, kisha mashine ipelekwe nje. Ubavu ufunguliwe na vumbi liondolewe kwa brashi laini na kavu, huku feni ikishikwa kwa kidole isizunguke. Isitumike kompresa ya kujazia matairi upepo, kwa kuwa nguvu yake ni kubwa na aghalabu hutoa matone ya maji. Kupuliza kwa mdomo nako huacha mate juu ya ubao. Wakati wa kazi hiyo ni vyema kuangalia kama kuna viota vya mende, mijusi iliyokufa, au waya ulioguguniwa na panya, kwani yote hayo huweza kuunganisha nyaya zisizopaswa kugusana.

Iwapo kompyuta imetumika miaka mingi na joto halishuki baada ya kusafishwa, huenda pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na kifaa cha kupoza imekauka. Fundi huifuta ya zamani na kuweka mpya, kiasi cha punje ndogo ya mbaazi. Ni kazi fupi na pesti yenyewe ni kidogo, nayo huziokoa kompyuta nyingi ambazo zingetangazwa kuwa zimekufa. Kwa kompyuta mpakato, kanuni ya kwanza ni kutoiweka juu ya kitanda, blanketi au magoti yaliyofunikwa kwa shuka, kwa sababu matundu yake ya hewa huwa chini.

Pawa saplai, chaja na betri

Umeme wa nje ukiwa sawa na joto likiwa la kawaida, zamu ni ya kifaa kinachoupokea umeme huo. Kwenye kompyuta ya mezani kifaa hicho ni pawa saplai, kisanduku cha chuma kinachogeuza volti 230 kuwa volti 12, 5 na 3.3. Kwa mujibu wa viwango vinavyofuatwa na watengenezaji, njia ya volti 12 inapaswa kubaki kati ya 11.4 na 12.6, na ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme huweza kusoma namba hizo wakati mashine inafanya kazi. Mwananchi ana haki ya kuomba aonyeshwe kipimo hicho kabla ya kukubali kubadilisha kipuri.

Dalili za pawa saplai iliyochoka ni kuzima pale kazi inapoongezeka, kujiwasha upya, harufu ya kuungua, au kuwaka kwa sekunde moja na kuzima. Njia bora ya kuthibitisha ni kuazima nyingine iliyo nzima na kujaribu. Kisanduku chenyewe kisifunguliwe na asiye fundi. Kapasita zilizomo huhifadhi umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa.

Kwa kompyuta mpakato, tatizo hutokea mara nyingi baada ya chaja ya awali kupotea na kununuliwa nyingine sokoni. Kuingia kwa pini hakutoshi. Volti zinapaswa kulingana na zilizoandikwa chini ya kompyuta, na ampea zisipungue. Chaja ya volti 19 na ampea 3.42 hutoa wati 65, ilhali ya volti 19 na ampea 1.58 hutoa wati 30 tu. Kompyuta inayohitaji wati 65 ikipewa 30, huwaka vizuri wakati wa kuandika barua, kisha huzima wakati wa kazi nzito, na mwenyewe hushindwa kuelewa kwa nini.

Betri nayo hupimwa kwa kulinganisha hali mbili. Kompyuta ikizima inapokuwa kwenye betri tu, hasa pale asilimia zinapoanguka ghafla kutoka 40 hadi sifuri, betri imechoka. Ikizima hata ikiwa kwenye chaja, na betri ikiwa ya kutolewa, itolewe na kompyuta ijaribiwe kwa chaja pekee. Betri iliyovimba hadi kuinua kibodi isichajiwe, isitobolewe wala isitupwe motoni, kwa kuwa huweza kulipuka.

Kifaa kimoja kidogo husahaulika, nacho ni kitufe cha kuwashia. Kikimwagikiwa soda au kikijaa vumbi, hubaki kimebonyea, na kompyuta huelewa kwamba imeamriwa izime. Wamiliki wengine wamebadilisha vifaa vya thamani kubwa wakati kosa lilikuwa la kitufe.

Ramu, diski na ubao mama

Hatua hii huja mwisho kwa sababu huhitaji uangalifu zaidi. Kabla ya kufungua chochote, ni vyema kutenganisha mfumo na vifaa. Kompyuta iwashwe na kuachwa kwenye kurasa za BIOS kwa nusu saa. Ikizima hapo, Windows na virusi haviwezi kulaumiwa, kwa kuwa havijaanza kufanya kazi. Ikitulia hapo na kuzima baada ya mfumo kufunguka, bado joto na mzigo vinaweza kuhusika, lakini programu nazo huingia kwenye orodha ya washukiwa.

Kisha vifaa vyote vya ziada vichomolewe, yaani printa, flashi, spika na kamera, na kompyuta ijaribiwe ikiwa na vitu vya lazima tu. Kanuni hapa ni kubadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayesafisha vumbi, kubadilisha ramu na kuweka mfumo mpya siku moja hataweza kujua kilichoponya, na tatizo likirudi ataanza upya.

Ramu huchomolewa, hufutwa taratibu kwa kitambaa kikavu kwenye meno yake ya shaba, na kurudishwa hadi iingie sawasawa. Zikiwa mbili, hujaribiwa moja baada ya nyingine. Windows ina kipimo chake cha ramu kinachofanya kazi kabla ya mfumo kufunguka, na hakihitaji intaneti. Ramu mbovu huleta zaidi skrini ya buluu na kujiwasha upya kuliko kuzima kabisa. Ili ujumbe wa skrini hiyo uweze kusomeka, mpangilio wa kujiwasha upya baada ya hitilafu unapaswa kuondolewa. Ujumbe huo upigwe picha kwa simu na kuonyeshwa fundi.

Betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubao mama hutajwa mara nyingi na wauzaji. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio. Ikiisha, tarehe hurudi nyuma na tovuti nyingi hukataa kufunguka, lakini kwa kawaida haiwezi kuizima kompyuta inayofanya kazi. Ubao mama wenyewe hushukiwa baada ya vingine vyote kuthibitika kuwa vizima, au pale kapasita zake zinapoonekana zimevimba juu. Katika kompyuta ya zamani, gharama ya ubao mama ilinganishwe na ya mashine nyingine kabla ya kuamua.

Mbele ya fundi, na kwa vifaa vya umma

Mwananchi anayefika kwa fundi na daftari lake huanza mazungumzo katika nafasi nzuri zaidi. Anaweza kusema kompyuta huzima papo hapo baada ya dakika 20, imejaribiwa nyumba mbili, na haizimi ikiwa haina kazi. Maelezo hayo humpunguzia fundi saa za kazi na mwananchi gharama. Inashauriwa pia kukubaliana bei kabla ya kazi, kuomba kipuri cha zamani kirudishwe, na kupata stakabadhi yenye jina la kipuri kilichowekwa.

Endapo kompyuta ina taarifa za watu wengine, kama nakala za vitambulisho vya wateja au alama za wanafunzi, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaozishika kuzilinda. Diski haipaswi kuachwa kwa mtu asiyefahamika, wala kuuzwa pamoja na mashine kabla ya taarifa kufutwa.

Kwa kompyuta za ofisi za kata, shule za umma, zahanati na vituo vya afya, hatua za nje zinaweza kufanywa na mtumishi aliyepo: kuweka daftari, kukagua soketi, kujaribu bila UPS na kuondoa vitu vinavyoziba matundu ya hewa. Kufungua mashine, kubadilisha vipuri na kuiondoa kwenye matumizi ni mambo ya kupitia kwa Afisa TEHAMA wa Halmashauri, kwa kuwa kifaa hicho ni mali ya umma na kiko kwenye orodha ya mali. Taarifa iliyoandikwa kwa namna iliyoelezwa hapa humwezesha afisa huyo kufika akiwa na kipuri sahihi, badala ya kusafiri mara mbili hadi kata ya mbali.

Vifaa visivyotengenezeka navyo visitupwe shimoni wala kuchomwa nyuma ya nyumba. Vina risasi na kemikali nyingine zenye madhara kwa udongo na maji ambayo mifugo na watu hutumia. Vitunzwe mahali pakavu, na Afisa Mazingira aombwe ushauri wa namna ya kuviondoa.

Radi zinapoanza msimu wa mvua, plagi zote zichomolewe mapema, pamoja na waya wa intaneti. Na kompyuta itakapozima tena, kabla mtu hajatamka neno umeme, pawa saplai au virusi, na atazame saa ukutani na kuiandika.